Kamera iliyogoma haitaki ubabe

Siku hizi kuna neno moja ambalo mafundi wetu wa mjini wamelipenda mno, nalo ni "imekufa". Redio ikikoroma kidogo, imekufa. Cherehani ikikata uzi, imekufa. Na kamera ya filamu ikikataa kubonyezeka, hata haijawekwa mezani ikatazamwa, hukumu imeshapita: imekufa hii, lete koleo tuifungue. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na leo nimekusudia kuitetea kamera. Nasema kuwa kamera kuukuu iliyokwama aghalabu haijafa, imegoma. Na mgomo, kama ajuavyo kila aliyewahi kufanya kazi bandarini, huwa una sababu. Mwenye busara huuliza sababu kwanza. Asiye na busara huita askari.

Huenda msomaji akaniuliza: Ya nini leo kuzungumza habari za kamera za filamu, na hali kila mtu ana simu mfukoni ipigayo picha? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni kwamba kamera hizo zimerudi. Wako vijana wanaozitafuta na kuzinunua kuukuu, ama kwa jamaa zao walioko Dubai na Maskati, ama katika makabati ya wazee waliokwisha kututangulia. Na zile wanazozihusudu zaidi ni zile kubwa za filamu pana, filamu ya namba 120. Filamu hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Kodak mwaka 1901, na hadi leo yatengenezwa. Haina kikopo kama ile ndogo ya milimita 35. Ni utepe wenye upana wa kama sentimita 6, umefunikwa karatasi kwa nyuma, na umezungushwa katika spuli, yaani kile kipini chenye visahani katika ncha zake mbili, mfano wa kipini cha uzi wa kushonea. Katika kamera ya picha za mraba, sentimita 6 kwa 6, filamu moja hutoa picha 12, basi.

Kumi na mbili! Kwa mtu aliyezoea kupiga picha mia kabla chai haijapoa, hiyo ni dhiki. Lakini sisi watu wa pwani tunayo sababu yetu wenyewe ya kuipenda dhiki hiyo. Kila ajuaye harusi zetu anajua kwamba upande wa wanawake, siku ya kupamba, bibi harusi hukaa mbele ya wanawake wenziwe hali amepambika, na mara nyingi simu huzuiliwa mlangoni. Hilo si ushamba. Ni kwa kuwa picha ya simu ikishapigwa haina mwenyewe. Asubuhi iko Mombasa, adhuhuri iko London, na jioni yatazamwa na mwanamume asiyehusika hata kidogo. Filamu haina miguu hiyo. Negativu ni moja, yashikika kwa mkono, yafungika kabatini, na mwenye ufunguo anajulikana. Kwa hivyo mpigaji picha anayeingia na kamera ya filamu katika nyumba ya watu amebeba amana. Kamera hiyo ikikwama na filamu imo ndani, kilichokwama si chuma tu. Ni amana ya watu. Na hapo ndipo ubabe wa koleo unaponiudhi.

AMI, IMEKUFA?

Nitatoa mfano mmoja. Binti wa jamaa yangu, mkaazi wa hapa Mji wa Kale, ana kazi hiyo ya kupiga picha upande wa wanawake. Hupiga picha za rangi nyeusi na nyeupe, na husafisha filamu yeye mwenyewe nyumbani kwao, usiku, msalani, taa zote zimezimwa. Kamera yake ni Hasselblad aina ya 500C/M, ambayo mjomba wake aliipata Maskati katika duka la vitu kuukuu. Aina hiyo ilitoka mwaka 1970 ikiifuata 500C ya mwaka 1957, na zote zilitengenezwa mjini Göteborg, nchini Uswidi. Kamera za kampuni hiyo ndizo zilizofika mwezini mwaka 1969 pamoja na Neil Armstrong na Buzz Aldrin. Lakini ukoo huo wa kamera uliachwa kutengenezwa mwaka 2013, kwa hivyo kila kipuri kinachovunjwa leo kwa pupa ni kipuri kilichopungua duniani.

Katika harusi moja binti huyo alikuwa amekwisha kupiga picha tisa. Bibi harusi amekaa, na ubavuni pake amekaa bibi yake mzaa mama, kikongwe aliyeletwa kwa mashua kutoka Pate, ambaye tangu ujana wake hakupata kukubali kupigwa picha, na safari hiyo amekubali kwa ajili ya mjukuu. Binti akataka kuipiga karibu hina iliyo mikononi mwa bibi harusi. Akatia kati ya kamera na lenzi lile bomba fupi tupu lisilo na kioo, ambalo kazi yake ni kuisogeza lenzi mbele ili kitu kidogo kionekane kikubwa. Alipokwisha alilitoa bomba pamoja na lenzi yake kwa mkupuo mmoja, akavitenganisha mkononi, kisha akairudisha lenzi katika kamera. Lenzi ikaingia, lakini ikakataa kutulia, ikakataa na kutoka. Kitufe hakibonyezeki. Mkono wa kuvutia filamu hauzunguki. Katika kidirisha cha kutazamia, giza.

Kesho yake aliipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, ambaye sina haja ya kumtaja. Fundi aliitikisa mara mbili, akaiweka sikioni kama nazi inayosikilizwa maji, akatoa hukumu ile ile: imekufa. Kisha akashika kasha la filamu kwa nyuma na kusema, tufungue hapa tuone ndani mna nini. Mchana kweupe, dukani, jua limeingia hadi kaunta! Binti alimpokonya kamera yake, naye alifanya vyema, akaja kwangu baada ya magharibi.

"Shikamoo ami. Wanasema imekufa."

"Marahaba mwanangu. Umeilazimisha?"

"La, ami. Yule fundi ndiye aliyetaka kuilazimisha."

"Ina filamu?"

"Ina picha tisa za bibi harusi. Na za bibi yake."

"Kile kibati chako cha kuzuia mwanga kiko wapi?"

Akafungua mkoba akakitoa. Kamera ya namna hii ina kasha la filamu linaloweza kubanduliwa, na baina ya kasha na kamera hupita kibati chembamba cha chuma kinachoifunika filamu isione mwanga. Nikakitia katika upenyo wake taratibu mpaka mwisho, nikasukuma kitufe cha juu, kasha likabanduka lote pamoja na filamu yake. Nikaliweka juu ya rafu, mbali na watoto. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili. Nikamwambia, "Picha tisa ziko salama. Sasa tuzungumze na kamera."

Msomaji azingatie jambo hilo, kwa maana ndilo shina la maneno yangu yote. Zile picha hazikuwa hatarini hata kidogo tangu kamera ilipogoma. Hatari pekee iliyozikabili ilikuwa ni mkono wa mtu mwenye haraka.

WAPIGA MAKASIA WAWILI

Na kamera yenyewe ilikuwa na nini? Katika kamera hizi, shata, yaani kile kilango kinachofunguka na kufumba ili mwanga upite kwa kipimo, haimo ndani ya kamera. Imo ndani ya lenzi. Unapozungusha mkono wa kuvutia filamu, kijiti kimoja kinachotoka katika kamera huingia katika mfereji mdogo ulio nyuma ya lenzi, kikaikaza springi ya shata kama mtu anayejaza saa. Kwa hivyo kamera na lenzi ni mfano wa wapiga makasia wawili katika mtumbwi mmoja. Sharti wavute pamoja na waachie pamoja. Mmoja akiwa amevuta na mwenziwe ameachia, chombo hakiendi mbele wala nyuma.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kamera ilikuwa imekazwa, lenzi ilikuwa imelegea, na wawili hao wakafungana. Dawa yake yajulikana na mafundi wa kamera hizi dunia nzima. Ukishabandua kasha la filamu, utaona kwa nyuma milango miwili midogo. Waisukuma kwa ncha ya kidole, polepole, halafu kwa taa ya kurunzi watazama ndani karibu na lenzi mpaka uone kichwa cha kijiti chenye mfereji kama wa skrubu. Waingiza bisibisi ndefu nyembamba, bila ya kugusa kioo wala nyuma ya lenzi, na kukizungusha kijiti kwa mwendo wa saa, mzunguko wa karibu mmoja, mpaka usikie "ta!" Hapo lenzi imekazwa, imelingana na mwenziwe. Lenzi yatoka kwa mkono mmoja kama kifuniko cha chupa.

Sikufanya mimi. Nilimwongoza, akafanya mwenyewe, kwani kamera ni yake na kesho mimi sipo. Kisha nikampa sheria mbili. Ya kwanza: lenzi isitoke katika kamera ila zote mbili ziwe zimekazwa, na isirudi ila zote mbili ziwe zimekazwa. Ya pili: bomba la kati huwekwa kwanza katika kamera, halafu ndipo lenzi, na wakati wa kutoa, hutoka kwanza lenzi, halafu bomba, moja moja, wala si kwa mkupuo. Mtu anayezishika sheria hizo mbili atakaa na kamera yake miaka mingi asione mgomo wa namna hiyo.

SABABU NYINGINE ZA MGOMO

Lakini si kila mgomo ni huo, na msomaji mwenye kamera kuukuu sharti ajue namna ya kuuliza. Naanza na mambo mepesi, kwani wengi hukimbilia mazito na hali jawabu liko mlangoni.

Kibati kile kile cha kuzuia mwanga, kikiwa kimesahauliwa ndani, kamera hukataa kupiga. Haina ugonjwa, yakulinda usipige picha za giza. Kitoe, itapiga. Vile vile filamu ikishafika picha ya 12, kasha la kamera hizo hufunga kazi, na kitufe hakitaki tena mpaka uizungushe filamu yote hadi mwisho. Mtu asiyehesabu hudhani kamera imeharibika, kumbe imemaliza kazi aliyoituma.

Tena kuna habari ya giza katika kidirisha. Katika kamera za ukoo huo wa 500, kioo cha ndani kikishapanda wakati wa kupiga, hakishuki chenyewe. Hubaki juu mpaka uvute filamu kwa ajili ya picha inayofuata. Aliyezoea kamera ndogo, ambazo kioo chake hupanda na kushuka kwa kufumba na kufumbua, akiona giza hushikwa na hofu. Hakuna la kuhofia. Vuta filamu, nuru itarudi.

Halafu kuna zile kamera za macho mawili, moja la kutazamia na moja la kupigia, ambazo wazee wa mijini mwetu wanazikumbuka sana. Rolleiflex za Ujerumani zilianza mwaka 1929, na Yashica Mat 124G ya Japani, ambayo ni rahisi zaidi kwa mfuko wa mtu wa kawaida, ilitoka mwaka 1970 na kuachwa mwaka 1986. Hizi ukishavuta filamu mara moja hukataa kuvutwa mara ya pili mpaka upige, maana zakuzuia usipoteze picha. Vile vile mkono wake wa kuvutia, baada ya kwenda mbele mpaka ukome, katika nyingi yao hutakiwa urudishwe nyuma kidogo mpaka ukome tena. Asiyejua hilo huona mkono umekwama katikati, akaanza kuusukuma kwa nguvu zote, na vimeno vya gia za ndani si vya chuma cha reli. Tena kabla ya kufunga mlango wa nyuma wa Yashica, mshale uliochorwa katika karatasi ya filamu hulinganishwa na alama iliyo ubavuni mwa kamera. Usipolinganisha, hesabu yote ya picha huenda upande.

Uliza pia habari ya betri. Yashica hiyo niliyoitaja ina betri kwa ajili ya kipima mwanga tu, na shata yake haiihitaji kabisa. Kwa hivyo ikikwama, usihangaike na betri. Lakini Mamiya M645, iliyotoka mwaka 1975, shata yake huendeshwa kwa umeme, na betri ikiisha kamera haifanyi kazi. Nyingi zimetupwa kwa kosa la betri ndogo tu! Fungua kifuniko, futa ile kutu ya kijani kwenye vyuma vinavyogusa betri, tia betri mpya, ndipo uhukumu.

Baada ya hayo ndipo tufike katika shata yenyewe. Ndani ya lenzi mna springi na vigia vidogo mfano wa saa ya mkono. Kazi ya vigia hivyo ni kuichelewesha shata unapotaka ikae wazi kwa nusu sekunde au sekunde nzima. Ukiweka sekunde moja ukapiga, yapasa usikie mvumo mwembamba kama wa nyuki, halafu ifumbe. Ikinyamaza na kubaki wazi, au ikivuma kwa kusitasita kama gari lenye maji katika petroli, basi grisi ya zamani imegeuka gundi. Hapo pahitaji fundi wa kweli wa kuifungua na kuisafisha. Na kabla hajapatikana, usikiguse kile kipini cha kujipiga picha mwenyewe, kwani katika shata kuukuu hicho ndicho cha kwanza kukwama na kukwamisha wenziwe. Tena ukitaka kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde, iweke kabla hujavuta filamu, si baada, maana katika shata nyingi za kale kasi hiyo ina springi yake ya ziada, na kuilazimisha ikiwa imeshakazwa ni kuitafutia msiba.

DAWA ZINAZOUA

Sasa niseme juu ya dawa ninazoziona zikitumika mjini. Ya kwanza ni mafuta ya kupuliza, yale ya kulegezea nati za gari. Mtu huyapuliza katika lenzi, shata ikacheza siku mbili, akafurahi na kulipwa. Siku ya tatu mafuta yametambaa juu ya zile bati nyembamba za shata, zimegandana kama karatasi zilizoloa, na kioo kimepata utando. Bati za shata hufanya kazi zikiwa kavu kabisa. Anayezitia mafuta hazitibu.

Dawa ya pili ni koleo. Juu ya koleo sina maneno mengi. Kisichotaka kuzunguka kwa vidole viwili hakikuumbwa kizungushwe kwa koleo.

Na dawa ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kufungua mlango wa nyuma "ili tuone". Si kamera zote zenye kasha la kubandua. Nyingi, kama hizo za macho mawili, filamu imo ndani ya mwili wake, na mlango ukifunguliwa mchana picha zote zilizofunuliwa zimekwenda. Kamera ya namna hiyo ikikwama na filamu imo, ngoja usiku. Ingia chumba kisicho na hata tundu la ufunguo, au tumia ule mfuko mweusi wenye mikono miwili ambao wapigaji picha hutumia kubadilishia filamu. Fungua kwa kupapasa, toa spuli zote mbili, izungushe filamu pamoja na karatasi yake kwa kuikaza isilegee, ifunge kwa gundi ya karatasi, itie katika kopo lisilopenya mwanga. Ukishamaliza, washa taa na uitazame kamera kwa raha zako, kwani sasa huna cha watu mikononi mwako.

Sisi wa pwani tunao na maadui wengine wawili, chumvi na unyevu. Upepo wa bahari haubagui. Unavyokula mabati ya paa ndivyo unavyokula springi. Mchanga wa ufukweni ukiingia katika gia, wasaga. Wengi huiweka kamera katika mfuko wake wa ngozi kwa kudhani wanaitunza, na hali ngozi hushika unyevu na kuotesha kuvu, na kuvu ikishaingia katika kioo cha lenzi huacha alama isiyofutika. Bora ni kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika masanduku ya viatu. Na kila mwezi itoe, uipige kavu bila ya filamu katika kasi zote. Mashine isiyofanya kazi hukauka viungo kama mzee asiyetembea.

UBISHI WA WENYE SIMU

Najua wako watakaosema kuwa yote haya ni kazi ya bure. Kwa nini binti huyo ahangaike na chuma cha karne iliyopita, chenye sheria nyingi kuliko mahakama, na hali kuna kamera mpya zisizokwama? Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Filamu ni ghali, dawa za kuisafishia hazipatikani kila duka, na kipuri huenda ukakingoja miezi. Anayetaka picha elfu za mkutano wa hadhara asinifuate mimi.

Lakini wanaosema hivyo husahau mambo mawili. La kwanza ni lile la amana nililokwisha kulitaja. La pili ni kwamba kamera ya vyuma vitupu yaweza kufahamika. Sababu ya mgomo wake yaonekana kwa macho, yasikika kwa sikio, na binti wa miaka ishirini na ushei akiongozwa jioni moja aweza kuitengeneza kwa bisibisi. Kifaa cha kisasa kikinyamaza, mwenye nacho na fundi wake wote ni vipofu sawa, hununuliwa kingine. Sisemi kwamba kila kamera kuukuu hupona. Springi hukatika, vimeno vya gia huvunjika, na maiti haifufuliwi kwa maneno. Ninalosema ni kwamba hukumu ya kifo itolewe baada ya ushahidi, na ushahidi hupatikana kwa kuuliza.

Na hapa niwaseme kidogo wazee wenzangu. Pwani yetu ilikuwa na watu walioijua kazi hii kama wanavyojua vidole vyao. Parekh aliwapiga picha watu wa Mombasa miaka ya 1960 na 1970 hadi jina lake likawa kama jina la kazi yenyewe. Huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Na Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, aliyezichanganya picha kwa ufundi wake mwenyewe hata watu wakashangaa. Picha zao tumezihifadhi katika kuta na masanduku. Lakini ule ujuzi wa mikono, wa kusikia shata na kujua kama ni mgonjwa au amechoka tu, tumeuhifadhi wapi? Wasaidizi wa studio za zamani wangali wako mitaani, wamekaa barazani na kahawa yao, na hakuna kijana anayewauliza kitu. Na wao pia, akija kijana kuuliza, wengine humkejeli kwa kutojua. Asiyejua huja kwa anayejua. Akifukuzwa huko, atakwenda kwa mwenye koleo.

Basi vijana, kabla hamjatoa fedha zenu kununua kamera ya mkono wa pili, iombeni mkononi na muijaribu mbele ya muuzaji. Vuteni na kupiga katika kila kasi, sikilizeni ile sekunde moja kama inavuma sawasawa, tazameni kioo cha lenzi kwa kurunzi kama kina kuvu, tingisheni mkono wa kuvutia muone kama una mchezo. Anayewakataza kufanya hivyo anajua anachoficha. Na ikiwa kamera ina filamu ya mwenyewe wa kwanza ndani yake, filamu hiyo si sehemu ya bei. Ni ya aliyeipiga na ya waliopigwa. Irudishwe kwa wenyewe, na ikiwa wenyewe hawajulikani basi isisafishwe ikatandazwa mbele ya watu kwa ajili ya kusifiwa.

Na siku kamera itakapogoma, kwa maana itagoma, iwekeni mezani, mkae kitako, na muiulize kwa mpango huu: Una filamu? Ni ya nani? Iko salama? Kibati kimo au hakimo? Umefika picha ya mwisho? Umevutwa tayari, wangoja kupigwa? Wewe na lenzi yako mwalingana? Ikiwa maswali yote yamekwisha na haijajibu, ifungeni katika kitambaa safi mpeleke kwa mtu ajuaye, na mumwambie kila mlichokifanya. Atakayeanza kwa kuuliza, mwachieni. Atakayeanza kwa kufungua droo ya koleo, mwageni kwa heri.